Mita Tatu

Nesi amebandika utepe sakafuni, mita tatu,
kiti upande huu, ukuta upande ule.
"Inuka bibi, tembea, geuka, rudi, ukae.
Usikimbie."
Mama anacheka: "Nikimbie, nimeiba nini?"

Kadi inasema alizaliwa 1946.
Mwaka wa nzige, ndivyo alivyojibu,
karani akachagua namba.

Tangu Kitangari, ndani ya basi,
mimi nilikuwa nimekwisha kuamua:
uvimbe wa titi umekomaa, na yeye pia,
nitamwambia daktari, mwacheni mzee wetu apumzike.
Sentensi nilikuwa nayo, imekunjwa kiganjani kama nauli.

Sekunde kumi na moja. Nesi anaandika.
Anampa chuma cha kubana,
mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena.
Mikono hiyo iliteka maji bondeni
kabla bomba halijapanda Newala,
kushuka usiku wa manane, kupanda jua likichomoza,
debe kichwani, mimi mgongoni.
Mshale unasogea, unatetemeka, unakwama.

Kisha maswali.
Ameanguka mwaka huu? Hajaanguka, nasema.
Anaoga mwenyewe? Anaoga.
Nesi, bila kuinua uso:
"Dada Siwema, ninamuuliza yeye.
Bi Somoe, jana usiku ulikula nini?"

Feni inazunguka.
"Chai."
"Na juzi?"
"Chai."

Lakini ninatuma hela kila mwezi!
Lakini korosho tuliuza!
Mama anatazama utepe.
"Kumpikia mtu mmoja," anasema,
"ni kujipigia hodi mwenyewe."

Kilo saba zimeondoka nyumbani kwetu
na hakuna aliyezisindikiza.

Daktari alisema upasuaji, ila baada ya wiki sita.
Mayai. Karanga. Uji wa mtama wenye maziwa.
Chupa iliyojazwa mchanga, ainyanyue kila asubuhi mara kumi.
Dawa ya mishipa tutaizungumza akirudi.
Na mtu wa kula naye: hilo aliliandika juu kabisa,
akalipigia mstari.
Hakuna aliyeniuliza sentensi yangu.

Kwenye ngazi nikamshika kiwiko. Akakichomoa.
Akahesabu vidato kwa Kimakonde, kwa sauti,
hadi cha tano,
akasimama, akahema, akanishika yeye.

"Getini wanauza ming'oko," akasema.
"Kanunue. Ya wawili."