Sura ya Tatu

Miaka miwili nimepima kitu kidogo kuliko kope:
pigo la nne,
pale sanduku la Ngwali linapochelewa
na vidumbaki vimeshavuka mlango.

Nikalitafutia jina, maana uzamivu
haumpokei mtu mikono mitupu.
Nikaita mvuto wa kusita.
Nikachora grafu, nikaikata sekunde vipande elfu,
nikanukuu mabingwa wa maqamu, wazima na marehemu,
na msimamizi wangu, mkali wa koma,
akaandika pembeni kwa wino wa kijani:
Hapa sasa pana hoja.

Sanduku lenyewe ni la majani ya chai,
mbao nyepesi, pembe zimebanwa kwa bati,
fimbo moja, uzi mmoja.
Nililibeba toka Kikwajuni hadi maktaba ya Vuga
mlinzi akaniuliza, Bibie, unahama?

Ngwali hutengeneza mafriji Mwembetanga.
Fomu ya ridhaa aliisoma mara mbili, akaigeuza,
akapigia hesabu ya gesi nyuma yake.
"Hichi cheo akipata nani?"
Mimi.
"Na mie?"
Wewe unatajwa.
"Natajwa," akasema,
akaendelea kufungua skrubu.

Alhamisi moja nikampelekea grafu.
Maalim, kuchelewa huku, unakusudia?
Akaitazama kama risiti ya mtu mwengine.
Kisha akanyanyua mkono wa kulia:
kidole kidogo kimejikunja ndani,
hakifunguki hata ukikibembeleza.
"Mlango wa friji la hoteli, mwaka ule wa mvua nyingi.
Tokea hapo uzi nauvuta kwa kiko,
na kiko kizito, hakiwahi.
Mvuto gani tena? Naumwa tu, mwanangu."

Kurasa sitini na nne
zikanimwagikia kama chokaa ya dari wakati wa masika.

Usiku ule nilifuta, nikarudisha, nikafuta.
Alfajiri nikaweka mguu juu ya ubao
nipige kama mtu mzima wa viungo,
sawasawa, mstarini, kama saa ya ukutani.

Sikuweza.

Kidole changu, ambacho hakijabanwa na kitu
ila kufinywa na mama siku niliyoiba haluwa,
kilikuwa kimejikunja peke yake.
Kiko kikanyanyuka.
Pigo la nne likaja kwa wakati wake,
yaani likachelewa.

Nikakaa chini, sakafuni, nikacheka kwa hofu.
Jeraha la mtu limo mkononi mwangu
na mimi siumwi.

Basi siku ya utetezi, watu watano, feni moja inayolalama,
mtahini aliyetoka mbali akavua miwani:
Elimu mpya iko wapi?
Nikamwambia, sijui kama ni mpya.
Iliumia kwa mmoja, ikapona kwa mwengine,
na katikati hapakuandikwa kitu.
Naweza kukupa rejea: Ngwali, A. F., mazungumzo,
Mwembetanga, kando ya friji lililo wazi.
Lakini kidole hakina ukurasa.

"Tuoneshe," akasema yule bibi wa mwisho,
ambaye mpaka hapo alikuwa akichora maua kwenye daftari.

Nikavua kiatu.
Nikapiga, wala sikuhesabu.
Walipofika pa nne wote
kalamu zilisimama. Au ndivyo nilivyoona,
jasho lilikuwa limeniingia machoni.

Jopo likaandika: masahihisho madogo.
Wakanipa mkono, wakaniita daktari,
neno likanikaa kama kanzu ya kuazima.

Ngwali alikuwa mlangoni, mfuko wa spana begani,
simu ya mteja inamlilia mfukoni.
Akanisogelea, akasema taratibu
wasisikie wenye majoho:
"Pale pa nne umezidisha.
Mie siumwi hivyo."