Nati za Masikio

Onyonka amelala chali chini ya dashibodi,
miguu nje ya mlango kama ya mtu aliyemezwa,
tochi mdomoni, maneno yanamtoka nusunusu:
"Klachi... imelegea... nipe kumi na tatu."
Nampa kumi na tatu, na kumi na moja juu yake,
maana spana za Grogan hazijui kwao.

Pijo hii, 404, ya marehemu baba,
rangi ya chai ya kibandani,
nimeinunulia betri, bima, radieta ya kuokoteza.
Sasa nataka jambo moja: inifikie miguu.
Kiti hakisogei, reli zimeshikana na kutu.
Basi kama kiti hakiendi kwa makanyagio,
makanyagio yaje kwa kiti.
Fundi anacheka. "Dada, unashonesha gari kama rinda."
Ndiyo. Nipime.

Anapima. Breki imepita mafuta kwa vidole vitatu,
mguu ukihama huku kwenda kule unapanda ngazi.
Tutaikata shingo, tuikunje, ichomelewe upya
kwa Mbithi, ng'ambo ya barabara.
Na klachi tutaiachia kijinafasi,
upana wa kidole,
pale mguu unaposhuka na gari bado halijasikia.
"Usiniambie niimalize yote," ananionya.
"Klachi isiyo na nafasi hujiunguza polepole,
na wewe unadhani umeishika vizuri."

Kisha ananyamaza. Tochi inatoka mdomoni.
"Mzee wako alikuwa mrefu kiasi gani?"
Futi sita, na kofia juu yake.
"Basi hiki cha nani?"

Kipande cha mvule,
kimechongwa kwa kisu cha jikoni, kimevishwa raba ya tairi,
kilikuwa kimejibanza nyuma ya zulia.
Bolti mbili. Nati mbili za masikio,
za kufunga kwa vidole, bila spana, bila taa.
"Hiki hakikuwekwa kikae," anasema Onyonka.
"Hiki ni cha kutoka kila asubuhi."

Grogan nzima inagonga mabati. Nimesimama na mti mkononi.
Raba imelika upande mmoja,
alama ya kisigino kidogo.

Nampigia mama, Makadara.
Mama asiyewahi kushika usukani,
aliyeketi kando safari zote za Mwingi, kapu magotini,
"polepole, Musembi, shimo,"
akiliona shimo kabla ya taa.

Kimya. Nyuma yake redio inasoma matangazo ya vifo.
"Macho ya baba yako," anasema, "yalikuwa yakizama na jua.
Mchana aliona hadi ng'ambo ya Athi.
Usiku, hata mkono wake hakuuona."

Lakini wanawake wenye uchungu? Pumwani, saa nane za usiku?
Mtaa mzima uligonga dirisha letu.
Wavulana wanne pale wanaitwa Musembi!

"Nilivaa kofia yake. Yeye alishuka langoni akaongea na askari.
Wale wa kiti cha nyuma walijua.
Mtu anayezaa huona kila kitu, mwanangu.
Hakuna aliyesema."

Jumamosi amekuja na viatu vya kanisani.
Hakusalimia hata mtu. Aliketi, akapandisha rinda, akakanyaga.
Onyonka akangoja, mikono nyuma, kama mwanafunzi.
"Breki bado iko juu. Nusu inchi."
Tukapima. Nusu inchi.

Fundi akauliza kama kile kipande akichomelee, kisipotee tena.
Mama hakujibu. Alikichukua,
akainama bila kutazama chini,
na vidole vyake, vilivyovimba kwa baridi yabisi,
vikaenda gizani moja kwa moja,
vikaikuta bolti ya kwanza,
vikaanza kuzungusha.