Mikono ya Masele

Tunao farasi watano hapa Ipuli
na vyandarua kumi na viwili dhidi ya mbung'o.
Wapita njia husimama na baiskeli zao, wakauliza:
mwalimu Nyamizi, hivi kweli farasi analala ndani ya neti?
Analala. Na anakoroma.

Alfajiri napita na tochi, nahesabu kwato:
ishirini, kasoro ule mmoja wa Tumbaku
anaouinua kama aliyekanyaga kaa,
kumbe ni kokoto ya reli imebana kiatuni.

Wanafunzi saba, kila mmoja na kiu yake.
Nyanzala anataka kuruka.
Tumemwekea boriti za bani lililobomoka,
bado zinanuka moshi wa mavuno ya zamani,
na chini yake mizinga ya nyuki, mitupu, imelala ubavu.
Kihenga anataka masafa: afuate reli
mpaka Goweko, arudi jua likiwa bado juu.
Namwambia, hizo si mbio, ni hesabu.
Weka vidole viwili chini ya taya lake, nyamaza,
usikie kama moyo umekubali.
Zuhura yeye anataka ule mchezo wa hatua,
farasi apite kwenye mstari
kama mtu aliyebeba uji wa moto.
Herufi za uwanja tuliziandika kwa chokaa kwenye madebe.
Mvua ya Novemba ikafuta tatu.
Farasi hawakuuliza.

Siku ya miendo nilisema: telki. Wakaandika.
Nikasema: shoti. Wakaandika.
Nikasema: matiti.
Nikangoja.
Walicheka mpaka kalamu zikaanguka majanini,
na Kigugumizi, yule kijivu,
akageuza masikio yote mawili kuangalia kuna nini.

Masele hakucheka. Alikuwa mgeni,
ametoka kulima kwa maksai huko Uyui,
ana mikono ya plau:
hatamu anaivuta kama kamba ya kisima,
na sauti yake ingeweza kusimamisha lori.
Nikampa Kigugumizi.
Wenzangu wakanung'unika. Nikawaacha.

Mara tatu walikwenda kwenye mizinga.
Mara tatu farasi akachimba kwato, akakataa,
na ya tatu Masele akabaki shingoni, amekumbatia singa,
kikuku kimoja kinaning'inia.
Akashuka. Akavunja fito kwenye ua.
Niliiona fito ile ikipanda
na mfupa wangu wa bega ukakumbuka Arusha,
farasi jike mwekundu, fito yangu mwenyewe,
na daktari akiniuliza ulimfanya nini.
Nilifungua mdomo. Halikutoka neno.

Sijui nani alimwambia.
Fito ilishuka taratibu, ikawa ya kujikunia mgongo.
Akaenda akakaa juu ya mzinga,
akatoa matobolwa kwenye mfuko wa suruali,
akaanza kutafuna, amewapa kisogo,
farasi, mimi, uwanja wote na madebe yake.
Hatamu ilikuwa chini, mchangani.
Nilitaka kumkaripia kuhusu hatamu.

Kigugumizi alipiga hatua, akasita.
Hatua, akasita. Ndivyo alivyopata jina.
Akanusa mzinga: nta kuukuu, moshi, labda nyuki mmoja mkavu.
Akanusa mfuko.
Kisha akapita juu ya boriti, mguu mmoja mmoja,
kama mama anayeruka watoto waliolala sakafuni
ili akachote maji.

Si kuruka kule. Majaji wangetupa sifuri,
na mashindano ni Septemba.
Kwenye daftari niliandika tarehe, jina la farasi,
halafu nikakaa na kalamu, nikaandika: amepita.

Usiku nilisikia mtu bandani.
Masele, tochi mdomoni, uzi wa gunia mkononi,
anashona tundu la neti ya Kigugumizi.
Mishono mikubwa, ya kikulima, isiyopendeza.
Farasi amesimama, pua begani pake,
anafuata sindano kwa macho, inaingia, inatoka.
Nilizima tochi yangu.
Kwato nilizihesabu kwa masikio.