Kifungo cha Nne

Narudi saa kumi na mbili na nusu,
sare ya ulinzi inanuka dizeli ya bandarini,
mkononi mahamri manne ndani ya gazeti la juzi.
Mishi yuko mlangoni, mtandio tayari kichwani,
yeye anawahi jiko la hoteli kule Nyali, mimi napokea watoto;
twaonana hivi, kama watu wanaorudishiana ufunguo.
"Twalib hajaoga. Maji ni ndoo moja.
Usimkimbize."

Usimkimbize.
Tudor, gorofa ya tatu, bomba lakohoa upepo tangu Jumatatu.
Hamudi anatambaa na kiatu changu mdomoni.
Twalib yuko dirishani, anausikiliza mkokoteni wa maji;
anaujua wa Kombo kwa gurudumu lake bovu
kabla haujakunja kona.

Ana miaka saba. Shati lake lina vifungo vitano.
Yule mama wa mazoezi, hospitali ya Makadara, aliniambia:
Wewe funga vya juu, cha chini kabisa mwachie yeye,
ili kazi imalizikie mikononi mwake.
Cha chini tulikipata mwezi wa Rajabu.
Cha pili, Shaabani.
Cha tatu kilikuja Ramadhani, mchana, nami nimefunga,
koo kavu, nikapiga ukelele
hata Bi Khola akagonga ukuta akidhani twapigana.

Bi Khola huyo huyo, ngazini, kwa sauti ya chini:
"Mtoto kafungwa ulimi huyu. Mpelekeni akafunguliwe."
Nilimwitikia kwa adabu. Nilikuwa nimebeba mitungi miwili,
na mtu mwenye mitungi miwili habishani.

Cha nne kimekataa.
Kipo kifuani, karibu mno na kidevu, macho yake hayakifikii.
Vidole vyateleza, tundu lakimbia,
Mfunguo Mosi ukapita, wa Pili, wa Tatu,
leo tumeingia Mfunguo Nne
na bado.

Nasra, wa miaka minne, hakufundishwa na mtu.
Wiki iliyopita tu alijifunga vyote, amekaa juu ya ndoo,
ulimi nje, kisha: "Baba, mimi nishamaliza!"
Nikamwambia hongera.
Ilinikwama kama mwiba wa changu,
na yeye aliuona ule mwiba, kwa sababu leo
ameacha kimoja wazi, makusudi,
akaketi karibu na kakake
asiseme kitu.

Nikafunga cha juu. Nikangoja.
Twalib akajaribu. Akajaribu.
Uzi ukalegea, kifungo kikaning'inia, hakikukatika.
Basi nikamfungia mimi, vya chini akafunga yeye,
nikajitupa kitini na buti zangu, macho yakijifumba.

Akaja. Usoni hakunitazama; yeye hutazama vitu.
Vidole vile vile vinavyoteleza
vikaanza ukosini mwa sare yangu, vikashuka,
sita, bila kukosea hata kimoja,
upesi kama mtu anayepukuchua mbaazi mbichi.
Hewa ikaniingia kifuani.
Kufungua, kumbe, anajua.
Usiku mzima nimelinda makontena ya watu, yamefungwa kwa lakiri,
na nyumbani kwangu mna fundi wa kufungua.

Nikataka kumwita Mishi, nimwambie. Mishi yuko darajani Nyali.
Nikataka kugonga ukuta wa Bi Khola.

Lakini Twalib alikuwa hajamaliza.
Akaligeukia shati lake mwenyewe:
cha juu, kinachofuata, kile kilichotushinda, vyote,
kazi ya asubuhi nzima ikaachana pande mbili
na kitovu kikachungulia.
Nasra akacheka hadi akaanguka kwenye ndoo.
Chini, gari la shule likapiga honi,
Twalib akaziba masikio, akangoja inyamaze,
kisha akalitoa neno lake, lile moja alilo nalo:

"Tena."

Haya, baba. Tena.
Simama hapa penye mwanga.
Tuanze na cha chini.