Kitufe cha Mtopanga

Nilikichora nikiwa ghorofa ya tatu, Tononoka,
feni ikivuma, kioo cha kompyuta kimetakata.
Nilikipaka kijivu cha ukungu
kwa sababu kilipendeza.

Leo nimekalia mtungi uliopinduliwa
kando ya mashine ya maji, Mtopanga, saa sita na nusu,
na jua limefuta kazi yangu yote.

Mwanamkasi akinga kiganja juu ya kioo
kama mtu achunguliaye dirisha la jirani.
Agusisha kadi. Abonyeza. Kimya.
Maji huchukua sekunde nne kupanda bombani,
sekunde nne nizijuazo mimi peke yangu.
Abonyeza tena. Tena.
Shilingi sitini zimekwenda, mtungi umejaa mmoja,
maji ya miwili yamwagika juu ya ndara zake.

"Mwanangu," aniuliza, hajui ni mimi,
"hii yanisikia au yanidharau?"

Daftarini nimeshaandika: mtumiaji amekosea.
Naikata ile sentensi, kalamu yatoboa karatasi.

Kwetu palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi.
Haikuja na maelezo.
Ubao wasema: kaa.
Ulimi wa chuma wasema: huku, na polepole.
Nilikuwa na miaka mitano nikaielewa,
na nilipokosea, kidole kiliniambia papo hapo.

Mashine yangu ikikwama husema "Hitilafu 31".
Thelathini nyingine ziko wapi, Kadzo aliuliza,
yule mwenye kibanda cha viazi karau,
kisha akabandika kadibodi yake kwa makaa:
BONYEZA MARA MOJA. NGOJA. USIOGOPE.
Maneno matano.
Hakuna kilichobuniwa vizuri kuliko hicho pale,
na si changu.

Usiku nimerudi kwenye kompyuta.
Nimeuondoa ukungu, nimeweka nyeusi juu ya manjano.
Nimeongeza mlio mfupi, kama ulimi ukiachia kaakaa,
wa kusema nimekusikia, mama, yaja.
Na pembeni kitufe cha pili, kikubwa vilevile,
kwa yule aliyebadili nia, aliyeteleza kidole,
aliyetumwa na mtoto mgongoni:
Ghairi.

Lakini shilingi arobaini za Mwanamkasi
zingali tumboni mwa mashine.
Nimeufungua mchoro wote, ukurasa kwa ukurasa.
Mlango wa kuingizia pesa niliupamba.
Wa kuzirudisha, sikuwahi kuuchora.