Salamu ya Kigasha

Saa kumi alfajiri, Molo haijafumbua jicho,
ukungu umelalia mabati kama mgeni asiyeaga,
nami nimeketi kitandani
naviomba ruhusa vidole vyangu mwenyewe.
Vidole kumi, kila kimoja na mlango wake,
kila mlango na kutu yake.
Hupita saa nzima kabla bawaba ya kwanza kulegea.

Lakini Lelmet hangoji,
Lelmet wangu wa kichwa cheupe,
kiwele kimejaa, subira yake ya mtoto.
Mwaka juzi aliipiga ndoo teke,
lita nane zikanywewa na matope,
kwa kuwa nilifinya badala ya kukamua.
Simlaumu. Ng'ombe husoma mkono.

Walisema mengi.
Walisema ni uzee; nina miaka arobaini na mmoja.
Mama mkwe alinichapa magoti kwa thabai mbichi,
nikawashwa hata nikasahau maumivu
kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.
Kemunto wa dukani alinong'ona habari za jicho la mtu.
Na sote, mimi nikiwa wa kwanza, tuliuita baridi yabisi,
tukaishtaki Julai, tukaishtaki sakafu,
tukayashtaki maji ya mfereji.

Daktari Okinda, kule Nakuru,
aliushika mkono wangu bila kuubana.
Mama Cherobon, akasema, jina hili limekupoteza.
Gusa hapa.
Nikagusa. Kifundo kilikuwa na joto
la yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku.

Akasema mwilini mna askari wa kufukuza maradhi;
wangu wamepotea njia,
wanavunja viungo vyangu wakidhani ni boma la adui.
Nimewakosea nini? nikamuuliza.
Hujawakosea, akasema.
Nikalia pale pale, na si kwa uchungu.
Nililia kwa kuwa hapakuwa na wa kulaumiwa,
na miaka mitatu nilikuwa nimejilaumu.

Tembe zangu ni za Alhamisi,
Alhamisi tu, mara moja kwa juma,
nimeitia alama ya mkaa
kwenye kalenda ya chama cha maziwa.
Na kila baada ya muda damu hupimwa,
wasije askari wakatulia, ini likaumia.
Wiki ya kwanza, kimya.
Wiki ya nne, kimya.
Wiki ya kumi nilifunga kifungo cha blauzi,
kimoja, cha shingoni,
na Cherobon akapiga kigelegele jikoni
kana kwamba nimejifungua.

Pete ilikuwa imeshakatwa.
Fundi wa jua kali, kwa tupa ndogo, akipuliza kila mara
chuma kisiniunguze, na hakutaka pesa.
Kimosop aliigeuzageuza kiganjani:
Sasa ina mlango, akasema,
lakini usitoke.

Kwa hiyo hutumbukiza mikono katika beseni la maji ya vuguvugu,
nafumba, nafumbua, nafumba,
kisha naegemeza shavu ubavuni mwa Lelmet
naye hunikopesha joto lake bila riba.
Ndoo huning'inia kigashani.
Naketi kabla maumivu hayajaniketisha.
Ziko asubuhi ambazo hata hayo hayatoshi,
Cherobon hukama akiwa na sare ya shule,
nami husimama mlangoni nikiona wivu.

Kwenye mizani ya maziwa watu husalimiana kwa kubana mikono.
Mimi hutoa kigasha.
Mgeni hudhani nina tope, hucheka:
Mkono uko kazini?
Uko kazini, najibu.

Juma lililopita nilimtolea karani mpya kigasha,
yule waliyesema ana maringo, hampi mtu mkono.
Akaiweka kalamu chini, polepole, kwa viganja viwili,
akanipa chake.
Nikaviona vifundo vyake.
Hatukusema kitu. Tukakaa hivyo, kigasha juu ya kigasha,
mpaka mtu wa nyuma akapaza sauti
kuuliza kama leo maziwa yanapimwa
au hayapimwi.