Tudwal wa Kwanza

Nilidhani karani alikosea:
Tudwal Parri, mara mbili,
mama yule yule Lowri, nyumba ile ile
chini ya machimbo ya sleti, Bethesda.
Mmoja wa Machi 1903.
Mwingine ni babu yangu.

Sensa ilimkuta mara moja tu:
miaka minane, mwanafunzi,
kwa mwandiko wa baba mtu
aliyekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.
Januari iliyofuata, dondakoo.
Daktari alitoka Bangor; theluji ikamshika njiani.

Yaliyobaki yamo kwenye kasha la biskuti:
kiatu kimoja, kisigino kipya,
na kibao cha sleti ambacho Lowri hakukifuta.
Saba mara nane.
Jibu hakuna.

Babu alizaliwa Novemba ile ile,
akavikwa jina kabla halijapoa.
Alilivaa miaka tisini na mmoja
wala hakutuambia ni la kurithi.
Ila Nesta, dada yake, anakumbuka:
mama akiita kutoka mlangoni, “Tudwal!”
babu hakuitika papo hapo.
Alinyamaza kidogo, kichwa upande,
kama anayempisha mtu.